Unga Umeshuka Mlimani

Kabla sijaanza naomba ucheke sasa hivi, umalize kabisa, kwa sababu ukinichekea katikati nitapotea njia. Kanisani kwetu hapa Arlington, Texas, mtu akisema "yule kijana aliyeombewa", hata mtoto wa Sunday school anajua ni mimi. Si kwamba wengine hawajawahi kuombewa. Kuna walioombewa wakapata makaratasi ya uhamiaji, kuna walioombewa wakapata mapacha, lakini mimi niliombewa kwa sababu ya theluji, na aibu yenyewe si kuombewa, aibu ni kwamba nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote mle ndani.

Jina langu ni Mutisya, kwetu ni Machakos, na kazi yangu ni kuendesha malori. Mchumba wangu anaitwa Neema, ni nesi, anaishi DeSoto, ni Mtanzania wa Tanga. Majira hayo ya baridi baba yake alikuwa amekuja kumtembelea, na ingawa hakuna aliyelisema kwa mdomo, sote tulijua mzee hakupanda ndege mbili kuja kuangalia maduka ya Texas. Alikuja kuniangalia mimi. Na Neema alikuwa ameniambia wazi, bila kupepesa macho, "Mimi siolewi kama Baba hajasema ndiyo. Akirudi Tanga bila kusema, basi, tutabaki kusalimiana kanisani." Kwa hiyo usije ukafikiri nilichokuwa nikichezea ni kitu kidogo.

Sasa, shida ni kwamba Baba Neema alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Amestaafu, lakini nadhani ualimu wa Kiswahili haustaafu, unabadilisha tu darasa. Siku ya kwanza tulipokula pamoja nilitaka kuonyesha kwamba mimi ni kijana mwangalifu, nikamwambia, "Usijali Baba, kesho nita-drive pole pole, hizi barabara ziko na traffic mob."

Mzee akaweka kijiko chini. "Uta nini?"

"Nita-drive."

"Huyo drive simfahamu," akasema, "lakini naona amevaa kiambishi chetu." Akarudi kwenye wali wake. Baadaye kidogo, kama mtu aliyekumbuka deni, akaongeza, "Na barabara haziko na. Barabara zina."

Jikoni Neema alinicheka mpaka akashika sinki. Nikamwuliza kama nimekataliwa. "Hajakataa," akasema. "Anasema wewe ni kijana mzuri ila hajui unasema nini."

Hapo ndipo moyo wangu ulipoapa kwamba mzee huyu, kabla hajaondoka, atasikia Kiswahili kutoka kwangu ambacho hata huko Tanga hawajakisikia. Na kweli alikisikia.

Jioni moja Baba alitoa kauli kwamba angependa kugusa theluji kabla ya kurudi nyumbani. Siyo barafu ya Dallas, ile inayokuja mara moja, inaangusha umeme, inafunga shule na kuacha magari yamelala mitaroni, hiyo alikuwa ameiona akachukizwa nayo. Alitaka theluji yenyewe, nyeupe, laini. Mimi nikadaka maneno kabla hayajatua. Nikamwambia Baba, kuna mlima New Mexico, watu wanateleza na mbao miguuni, nimeshafika, naujua. (Nilikuwa nimefika mara mbili. Mara ya kwanza nilishinda nimekaa kwa makalio. Lakini mtu akiwa anaposa hatoi takwimu.) Tukapanga safari ya watu wanne: mimi, Neema, Baba, na Shangazi Anna, dada yake Baba, ambaye ni nesi Houston na ambaye, ingawa anaishi Houston, masikio yake yanaishi DeSoto. Tungeondoka Jumapili baada ya ibada. Mimi nikapewa cheo cha kuangalia hali ya mlima na kuwapasha habari.

Acha nikueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa nilivyojichimbia. Kila asubuhi ule mlima hutoa ripoti. Inakuambia theluji ya zamani iliyoshindiliwa chini ina kina gani, na ile wanaiita base. Inakuambia mpya iliyoanguka usiku ni kiasi gani. Inakuambia ni njia zipi zimepitiwa na trekta usiku zikasawazishwa, ni wapi pana barafu ngumu, upepo ukoje, viti vya kupandisha watu juu vinafanya kazi au la. Na ile theluji mpya, kavu, nyepesi, ambayo ukiipuliza inaruka, ndiyo watu huendea mbio kama wendawazimu. Hiyo wanaiita powder.

Mtu mwenye akili angesema tu, "Baba, kuna theluji mpya." Mtu mwenye akili hakuwepo. Nilikaa kwenye lori langu nikisubiri kupakuliwa mizigo, nikaamua kwamba ripoti yote nitaitafsiri neno kwa neno, Kiswahili kitupu, asipate hata kiambishi kimoja cha kunishikia. Base nikaiita msingi. Njia zilizosawazishwa nikasema zimechanwa, kama nywele. Nikafika kwenye powder. Nikafikiria poda, lakini poda kwetu ni ya mtoto, ukimwambia mzee mlima umejaa poda atadhani kuna mtu ametoka kuoga. Nikatafuta, nikatafuta, halafu neno likanijia likiwa limeiva, nikajipiga paja kwa furaha. Unga.

Wewe unayetoka Dar au Tanga najua umeshashika kichwa. Lakini mimi nimekulia Machakos, ndugu yangu. Kwetu unga ni unga. Unakaa kwa pakiti, unakuwa ugali, ukipanda bei wanasiasa wanakiona cha moto. Kwamba huko pwani unga ni ile kitu vijana wanavuta na kujidunga mpaka mama zao wanaficha redio, nilikuwa nimewahi kusikia, siwezi kudanganya, lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa kimeshafika mlimani.

Nikabonyeza simu, nikarekodi ujumbe wa sauti kwenye kikundi chetu cha safari, kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. Nimeusikiliza tena mara nyingi tangu siku ile, kwa hiyo naweza kukupa ulivyo. Nilisema, "Shikamoo Baba, shikamoo Shangazi, Neema mpenzi. Habari njema. Unga mpya umeshuka jana usiku, inchi kumi, mkavu, mwepesi, safi kabisa, haujaguswa na mtu. Msingi tunao wa kutosha. Njia zote zimechanwa, nimeshaongea na mtu wangu wa huko. Ila tusichelewe, maana wenyeji wanauamkia alfajiri, na ukikaa siku tatu unaharibika."

Neema alikuwa amelala, alikuwa zamu ya usiku wiki hiyo, hakusikiliza. Shangazi akajibu kwa kunikumbusha jambo lake: "Usisahau kununua unga wa ugali, huko mlimani sitaki kula mikate." Yaani Shangazi alisikia neno unga akakumbuka tumbo, Mungu ambariki. Baba hakuandika chochote. Alinipigia.

"Mutisya," akasema, taratibu sana. "Huo unga. Unatoka wapi?"

Nikafurahi, jamani. Nikaona mzee amevutiwa. "Unatoka kaskazini, Baba. Unapita Colorado, halafu ndio unashuka New Mexico."

"Na wewe unajuaje unaposhuka?"

"Ninafuatilia kila siku kwa simu. Na wenzangu wa malori wanaopita huko wananiambia."

Akashusha sauti. "Na polisi?"

"Polisi wapo Baba, lakini hawana shida. Ukizidi sana ndio wanafunga barabara."

"Neema anajua?"

"Neema?" Nikacheka kabisa. "Neema ndiye ananisukuma. Anasema lazima naye ajaribu."

Mzee akakata simu bila kuaga. Nikasema moyoni, mtandao.

Sasa ninajua kilichofuata. Baba alimpigia Shangazi, akamwambia mchumba wa Neema ni mwendesha lori anayeshusha unga kutoka kaskazini, ana watu wake mlimani, na sasa anataka kumwingiza binti. Shangazi ndipo akausikiliza ujumbe wangu upya kwa masikio mengine, akamwona shetani mzimamzima. Akampigia mchungaji. Baba hakutaka polisi wala kelele, alitaka kwanza kanisa lijaribu kuniokoa, na baada ya hapo ndipo aniambie nisikanyage tena mlangoni kwa binti yake. Neema hawakumwambia neno, kwa sababu walidhani naye tayari yumo.

Jumapili nilifika kanisani nimepiga suti nyeusi, gari limepakiwa mpaka juu, tayari kwa safari. Neema angetukuta baada ya ibada, alikuwa anatoka kazini. Kanisa letu ni la mchanganyiko, Wakenya, Watanzania, Warundi, Wakongo, tunakodi ukumbi, na lugha inayotushika pamoja ni Kiswahili, kila mtu na chake. Mwishoni mchungaji akasema kuna kijana wetu yuko katika safari ngumu, naye ni Mutisya, apite mbele tumwombee.

Sikushangaa hata kidogo. Hapa kwetu mtu akienda tu Oklahoma anaombewa. Nikatembea mbele nikitabasamu, nikawapungia Baba na Shangazi mkono. Shangazi akaangalia chini.

Mchungaji akanishika bega, akaniuliza kwa upole, "Mutisya, hapa ni nyumbani. Tuambie, ulianza lini?"

"Nilianza mwaka jana tu, mchungaji," nikasema ndani ya kipaza sauti, maana walinipa kipaza sauti.

"Nani alikuingiza?"

"Rafiki wa kazini. Aliniambia njoo ujaribu mara moja tu, usipopenda utaacha."

Kukatokea mguno ukumbini. Nikadhani wamependa ninavyosimulia, nikaongeza chumvi. Nikawaambia mara ya kwanza niliogopa sana, nikaanguka mbele za watu, nikashindwa kuinuka, mwili wote ukaniuma. Lakini mara ya pili, nikasema, mara ya pili ndugu zangu nilihisi ninapaa. Nilipofika chini nilitaka kurudi juu tena. Na tangu hapo kila nikilala naota unga tu.

Mama mmoja mstari wa pili akaanza kulia. Nikajua Roho ameshuka.

"Na je," mchungaji akauliza, "uko tayari kuacha?"

"Kuacha?" Nikamwangalia kwa mshangao. "Mchungaji, mimi ningependa siku moja twende kanisa zima. Hata watoto. Watoto wana mahali pao pale chini, wanaanza polepole, na kuna mwalimu wa kuwafundisha."

Waliniwekea mikono kichwani watu wengi mpaka shingo ikaingia ndani ya kola. Waliomba nifunguliwe. Waliomba njia ya mlimani ifungwe mbele yangu, na hapo ndipo nilipofungua jicho moja, kwa sababu nilikuwa nimeshalipia chumba. Lakini nikajiambia labda wanaombea hatari zote zifungwe, nikasema amina. Mzee Deo, Mrundi mmoja mpole ambaye ni mzee wa kanisa, akaniinamia sikioni akaniuliza, "Mwanangu, vile vitu viko wapi sasa?"

"Viko kwa gari, mzee. Twendeni niwaonyeshe."

Ni mimi niliyesema hivyo. Hakuna aliyenilazimisha. Niliwaongoza nusu ya kanisa mpaka uwanja wa magari, kama mtu anayeenda kuonyesha ng'ombe wa mahari.

Nilipofungua buti, kitu cha kwanza walichokiona ni vipakiti. Ukienda mlimani unabeba vipakiti vidogo vidogo vya kitambaa vyenye chengachenga ndani, unavifungua, unatikisa, vinapata joto, unaviweka ndani ya glavu vidole visigande. Nilikuwa nimenunua sanduku zima, kwa ajili ya mikono ya Baba. Mzee Deo akachukua kimoja, akakitoa kwenye plastiki, akakipapasa, akakiinua kwenye mwanga. "Na hii?" akauliza.

"Hiyo unatikisa kidogo tu," nikamwambia, "halafu unasikia raha mwili mzima."

Akakitikisa. Kikaanza kupata joto mkononi mwake. "Inachoma hii kitu," akasema, akakiachilia kikaanguka, na watu wote wakarudi nyuma hatua.

Nikainama kukiokota, na katika kuinama nikavuta begi langu, na chini ya begi zilikuwa pakiti za unga wa mahindi alioagiza Shangazi, na moja ilikuwa imepasuka. Ilimwagika yote. Ikanimwagikia kwenye suti, viatu, kidevu, ikapeperuka ikawafikia waliokuwa mbele. Nikabaki nimesimama mweupe kuanzia kidevuni kushuka, nimeshika kipakiti. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Huo ndio wenyewe."

Na Shangazi Anna, kwa uchungu wa mwenye mali, bila kufikiri, akasema, "Ah, unga wangu."

Kanisa zima likageuka kumwangalia Shangazi.

Mchungaji akamwangalia Shangazi, akaniangalia mimi, akamwangalia Shangazi tena, nikaona anajiuliza kama mikono yake itatosha kuombea wote. Shangazi akaanza kujieleza, "Hapana, huu si ule, huu ni wa ugali," na mimi nikauliza, "Ule upi?" na hapo ndipo Baba Neema alipopita mbele.

Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alisema, "Mutisya, mimi nilikuwa na mtoto wa kaka yangu Tanga. Alikuwa kijana mzuri kama wewe, mcheshi kama wewe. Akanizoea, akaanza kuniambia hivyo hivyo, unga umeshuka, unga mzuri. Tulimzika." Akafuta kidevu changu kwa leso yake, kwa sababu kilikuwa na unga. "Na Neema naye siwezi kumzika."

Sentensi zote nilizowahi kumwambia zikarudi moja moja zikiwa zimebadilika sura. Kaskazini. Polisi. Watu wangu. Watoto wana mahali pao. Nilikuwa nimemtia mzee wa watu hofu ya namna ile siku kadhaa, analala nayo, anaamka nayo, ili tu nionekane ninajua Kiswahili, na niliona aibu ambayo haikuwa ya kuchekwa. Nikajaribu kusema, na katika kuchanganyikiwa Kiswahili chote kikanitoka, nikasema, "Baba, no, ni snow. Ni powder. Powder snow. Nili-translate."

"Ulifanya nini?"

"Nilitafsiri, Baba. Theluji mpya wanaiita unga. Kwa Kiingereza."

Neema alitokea hapo hapo, bado amevaa sare za kazini, akakuta mchumba wake mweupe, baba yake ameshika leso, shangazi yake anazungukwa na wazee wa kanisa. Akasikilizishwa ule ujumbe wa sauti. Alifika kwenye "nimeshaongea na mtu wangu wa huko" akakaa chini kwenye lami. Alicheka mpaka Mzee Deo akauliza kama na yeye anahitaji kuombewa. Halafu akawaonyesha ripoti ya mlima kwenye simu, picha na yote, akawasomea mstari kwa mstari, na kanisa likaanza kupukutika kuelekea magarini, wengine wakinipiga bega, wengine wakikung'uta nguo. Mama aliyelia mstari wa pili aliniambia maombi hayapotei, Mungu atayapeleka panapostahili.

Baba hakucheka. Alisema, "Twende nikauone huo unga."

Hatukuondoka siku hiyo, maana baada ya hayo yote ilibidi chai inywewe kwa mchungaji na kila mtu aelezwe upya. Tukaondoka kesho yake, tukapita Amarillo, mzee kiti cha mbele akiangalia barabara, Shangazi nyuma akilalamikia unga wake, tukalala chini ya mlima. Na hapa ndipo utakapojua kwamba kutafsiri vibaya si kosa langu pekee, hata kusoma sijui.

Kwa sababu ripoti ya theluji ni kama mandazi, kuna ya leo na kuna ya juzi. Zile inchi kumi zilikuwa za katikati ya wiki iliyopita. Tangu hapo jua lilikuwa limewaka, likayeyusha, usiku ukagandisha, na wenyeji walikuwa wameupitia unga wote wakaumaliza. Uliobaki ulikuwa juu kabisa kileleni, na viti vya kupanda kileleni vilikuwa vimefungwa kwa upepo, jambo lililoandikwa kwenye ripoti ya asubuhi hiyo, chini kidogo, mahali ambapo sikufika kwa kuwa nilikuwa nimeshalewa na neno langu. Pale chini tulipokuwa palikuwa na gamba gumu linalong'aa, na kando yake matope.

Baba alikuwa amevaa koti la Neema la rangi ya waridi, ndilo lililokuwa zito zaidi. Akainama, akataka kuchota. Vidole vikakwaruza. "Huu ndio unga?"

"Ulikuwa unga, Baba."

"Ulikuwa." Akakwaruza tena, akapata punje kidogo, akazisugua kiganjani kama mtu anayechagua mchele sokoni. "Hizi ni chenga," akasema. "Na pale pana gamba, na pale ni tope. Umenileta kote huku na huna hata theluji."

Nilitaka kujibu, lakini alikuwa ameshapiga hatua. Pale palikuwa na mteremko mdogo wa watoto wanaoanza, mdogo kweli, lakini ukiwa umeganda haujali umri. Viatu vya mwalimu viliondoka kwanza, mwalimu akafuata. Nikamdaka mkono, nikadhani nimemshika, kumbe amenishika yeye, tukashuka wote wawili tumekaa, mzee mbele mimi nyuma, tukawapita watoto wa miaka minne waliosimama wima wakitutazama kwa huruma, mmoja akamwambia mwenzake, "They don't have skis." Tukaenda kusimama kwenye wavu wa rangi ya machungwa kule chini. Juu nilimwona Neema ameshika simu, anarekodi.

Tukabaki tumelala chali. Nikauliza, "Baba, umeumia?" Nikaona mabega yanatikisika, nikaogopa, nikageuka, kumbe mzee anacheka. Alicheka kwa muda mrefu, machozi yakamtoka, akafuta kwa ile leso. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka tangu atue Texas.

"Mutisya," akasema alipopata pumzi. "Unajua kwa nini kwetu mwenye kuposa hasemi, anatuma mshenga amsemee?"

"Ni desturi, Baba."

"Nilikuwa nadhani ni desturi. Sasa nimejua sababu." Akajaribu kuinuka, akateleza, akanishika bega akainuka. "Tafuta mshenga. Aje kabla sijaondoka. Ila wewe siku hiyo usitie neno."

Basi wenzangu, nimeapa. Sitafsiri tena kitu chochote mbele ya wakwe, hata maandishi ya chupa ya dawa. Kitu nisichokijua kwa Kiswahili nakionyesha kwa kidole. Na ripoti ya mlima siku hizi naisoma naanza na tarehe, naenda kwenye upepo, naishia kwenye mstari wa mwisho kabisa, halafu naizima simu na simwambii mtu.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Deo. Tulienda DeSoto Jumamosi iliyofuata, nikakaa pembeni na suti yangu iliyotoka kufuliwa, mikono magotini, mdomo nimeufunga kama nilivyoagizwa. Wanawake walikuwa nyuma ya mlango, nilimsikia Shangazi akinong'ona. Mzee Deo akasafisha koo kuanza, lakini Baba Neema akanyoosha mkono kumzuia, akanigeukia mimi. Nje kulikuwa na baridi kali, magari yote mtaani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda.

"Kijana," akasema, "huko nje hali ya hewa ikoje?"

Watu wote wakaniangalia.

"Kuna baridi, Baba."

"Baridi tu?"

"Baridi tu."

Akamwangalia Mzee Deo, akaegemea kiti. "Haya," akasema, "sasa tunaweza kuongea."